Daktari Aliuliza "Tumtoe?" Kaka Yangu Mlezi Akajibu "Bado"

"Tumtoe?"

Daktari aliuliza hivyo huku amenishika kidevu, damu yangu inamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko.

Paji langu la uso lilikuwa limepasuka. Jicho la kushoto sioni kitu, ni wekundu mtupu!

Daktari hakuniuliza mimi. Alimuuliza Ruven, mpambe wangu. Kaka yangu mlezi. Mtu niliyempenda kuliko ndugu wa tumbo moja.

Neno moja tu lilitosha... "Mtoe." Basi. Ningekaa chini, ningeshonwa, ningekwenda kulala.

Ruven alinitazama machoni. Akatazama kidonda. Akanitazama tena.

"Bado," akasema. "Anaendelea."

Jamani...

Nikainua upanga, kwa sababu nilimwamini. Na muda si mrefu pigo likatua utosini.

Ngojeni. Najua mnajiuliza, mapanga tena, karne hii? Huyu kijana ni wa wapi? Tulieni niwape mkanda mzima.

Naitwa Eike Brandhorst. Baba yangu anafuga ng'ombe wa maziwa kule Frisia Mashariki, pwani ya kaskazini, mzee asiye na maneno mengi. Nilipopata nafasi ya kusomea udaktari hakunipongeza hata kidogo. Ila alichukua chaki akaandika kwenye ubao wa zizini, pale anapoandika ng'ombe gani ana mimba: "Eike, daktari." Mpaka leo sijui kama amefuta.

Nikaja chuo. Mji wetu ni mdogo, uko kilimani katika jimbo la Hessen, ngazi kila kona, na kila mtu anamjua mwenzake isipokuwa wewe.

Muhula mzima nilikula supu ya dengu kantini peke yangu. Sitanii! Ile mashine ya dukani inayopokea chupa tupu iliandika "Asante, karibu tena" nikasikia raha moyoni. Nikajua hapa nimeisha.

Msuli nilikuwa napiga sana. Asubuhi maktaba, jioni maktaba. Lakini mtu asiyeongea na watu hata akili inaota kutu. Siku ya mtihani wa anatomia, ule wa kuulizwa kwa mdomo mbele ya maiti, nilifungua kinywa sauti ikagoma.

Nikafeli. Jaribio la kwanza.

Kwetu una majaribio matatu. Ukifeli la tatu umedisko, na si pale chuoni tu. Nchi nzima! Hakuna chuo cha udaktari kitakachokupokea tena. Unaambiwa kwaheri na ndoto yako.

Siku ile ya matokeo nipo kantini nalia kwenye dengu. Mtu akasimama mbele yangu na sinia lake.

"Hapa pana mtu?"

"Hapana."

"Basi pole yako, maana mimi naongea sana."

Ndiye Ruven Stellmacher. Miaka ishirini na sita, mwaka wa mwisho mwisho wa udaktari, koti jeupe begani, kovu refu shavuni. Akacheka nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu Oktoba.

Wiki iliyofuata nikahamia kwenye nyumba yao.

Nyumba inaitwa Falkenhaid. Ni nyumba ya udugu wa wanafunzi, ya zamani, ina bustani na ukumbi wa mbao, na vyumba vya vijana kumi na wawili. Hakuna anayekula peke yake. Ukiugua mtu anakuletea chai. Ukifiwa wote wanavaa nyeusi.

Mgeni anaitwa mbweha. Kila mbweha anachagua kaka mlezi. Mimi nilichagua kabla hata hawajamaliza kunieleza.

"Una uhakika, dogo?" Ruven akaniuliza.

"Asilimia mia."

"Mimi nitakusemea, nitakutetea, na siku yako ikifika nitasimama pembeni yako. Sawa?"

"Siku gani?"

Akagusa kovu lake, akatabasamu.

Hiyo siku sasa. Nyumba zetu zina desturi. Kijana anasimama mbele ya kijana wa nyumba nyingine, upanga wenye makali mkononi, umbali wa mkono mmoja. Shingo imefungwa, kifua kimefungwa, macho yana miwani ya chuma. Kichwa kiko wazi. Mnacharazana kichwani!

Miguu haiondoki. Kichwa hakikwepi. Hakuna mshindi wala mshindwa. Kuna aliyetikisika na ambaye hakutikisika, na anayetikisika ni aibu ya nyumba nzima.

Msiniulize maana yake. Nimekaa mle zaidi ya mwaka, nimeimba nyimbo zao zote, na maana yake sijaiona.

Lakini kuna mlango mmoja wa kutokea. Mpambe wako anaruhusiwa kukutoa wakati wowote ukiwa umejeruhiwa. Na hakuna aibu, kwa sababu si wewe uliyeomba. Shikeni hilo.

Basi maisha yakawa matamu. Jamani yalikuwa matamu! Saa moja asubuhi mazoezi ya upanga. Saa tatu chumba cha maiti. Mchana chakula cha wote, lazima uwepo. Alasiri mihadhara ya kemia, mimi nasinzia. Alhamisi bia na nyimbo. Jumapili matembezi na wazee wa nyumba, wale waliomaliza chuo zamani.

Ukitaka kukosa kitu unaandika barua ya kuomba radhi. Mimi sikuandika hata moja. Mtu anayekufa njaa hasusii karamu.

Jaribio la pili nilikwenda na kichwa kimejaa nyimbo. Nikaulizwa mishipa ya mkono, nikataja mitatu, wa nne nikabuni.

Mara ya kwanza nilifeli kwa upweke. Mara ya pili nikafeli kwa marafiki.

Likabaki moja. Jumatatu, saa nne asubuhi, mwezi wa pili.

Mwenzangu wa meza ya maiti alikuwa Wiebke, binti wa mji wa Bremen, mkali, hana subira na wapumbavu. Yeye alishafaulu kitambo, ila alikuwa ananifundisha saa yake ya chakula.

"Eike, mtihani lini?"

"Jumatatu."

"Na yale mapanga yenu?"

"Jumamosi."

Akaweka kisu chini taratibu.

"Jumamosi ipi?"

"Hiyo hiyo. Siku mbili kabla."

"Wewe ni mgonjwa! Chagua kimoja."

"Nitafanya vyote."

"Ndugu yangu, hapa mezani tunao wengi waliotaka vyote," akasema, akanyooshea kidole yule mzee tuliyekuwa tunamchuna. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano Ruven alinikalisha chumbani kwake anisikilize.

"Neva kumi na mbili za kichwani. Taja, na kila moja inatokea tundu gani la fuvu."

Nikaanza vizuri. Ya kwanza, ya pili, ya tatu... ya tano nikaipitisha kwenye tundu la ya saba. Ya tisa nikasahau kama ipo.

"Tena," akasema.

Tena. Ikawa mbaya zaidi.

Nilitegemea atanitania kama kawaida yake. Hakunitania. Uso ulimpauka, mpaka mimi ndiye nikamfariji.

"Kaka, usijali. Nina siku nne. Nitakomaa."

"Ndiyo," akasema. "Siku nne."

Alhamisi asubuhi nikameza aibu.

"Kaka Ruven, niombee mkutanoni. Wasogeze mapanga wiki mbili tu. Nipate kusoma."

Kwetu mbweha haongei mkutanoni. Kaka mlezi ndiye kinywa chake. Hata nyumba ikiungua, mbweha anamwambia kaka mlezi na kaka mlezi ndiye anawaambia watu.

Akaingia mkutanoni. Mimi nikasimama nje ya mlango natafuna kucha. Baada ya nusu saa akatoka.

"Wamekataa, dogo."

"Wamekataa? Ulisema ni jaribio la tatu?"

"Nimesema kila kitu. Wamekataa."

Akanishika bega. Macho yake yalikuwa mlangoni, mimi nikadhani ni hasira kwa ajili yangu. Nikamshukuru! Kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Asante kwa kujaribu, kaka."

Jumamosi. Saa tano asubuhi.

Ukumbi umejaa vijana wenye kofia za rangi. Hakuna muziki, hakuna kushangilia. Harufu ya dawa ya kusafishia vidonda. Pembeni kuna meza ya mikate yenye nyama mbichi ya kusaga na vitunguu, maana watu watakula wakimaliza kutazama damu.

Mpinzani wangu alikuwa Korbinian, Mbavaria kutoka kusini, mwanafunzi wa sheria. Tulipokuwa tunafungwa vitambaa shingoni akaniinamia.

"Habari yako? Unasoma nini?"

"Udaktari. Nina mtihani Jumatatu."

"Mimi Jumanne. Sheria ya ardhi."

"Umesoma?"

"Thubutu!"

Tukacheka wote wawili, wajinga. Kisha wakatuvika miwani ya chuma tukaacha kucheka.

"Tayari!"

"Piga!"

Msimwamini mtu akisema haogopi. Nilisikia upanga kabla ya kuuona. Chuma kwa chuma, cheche, mkono unawaka moto. Mapigo matano, simama. Mapigo matano, simama. Ruven ubavuni kwangu na kofia yake ya chuma, anatenganisha panga zetu kila tukisimamishwa.

Mzunguko wa tatu, nywele zangu zikadondoka kifuani. Nywele tu.

Wa sita, Korbinian akapata kidonda. Nikamchana juu ya sikio. Nyama ikafunguka nyeupe, kisha ikakumbuka kutoa damu. Hakutikisika. Mimi ndiye nilitaka kutapika.

Wa tisa, shavu langu. Mkwaruzo.

Wa kumi na moja...

Sikusikia maumivu. Nilisikia joto, na sauti ndani ya fuvu, kama mtu amegonga mlango. Paji la uso likafunguka kutoka nyusi hadi kwenye nywele.

"Simama!"

Daktari Overbeck akaja, mpasuaji mstaafu, mzee wa nyumba yetu, mtu wa haki. Akanishika kidevu.

"Tumtoe?"

Mlango wa kutokea uko wazi. Hakuna aibu. Ruven aseme neno moja tu!

"Bado. Anaendelea."

"Kijana, kidonda hiki kinatosha."

"Ni kidonda cha ngozi, daktari. Anaendelea."

Daktari akasita. Sheria ilimruhusu mpambe. Akarudi nyuma.

"Tayari!"

"Piga!"

Pigo la kwanza nililizuia. La pili nililizuia. La tatu sikuliona, kwa sababu lilikuja upande wa jicho lililojaa damu. Likatua utosini, ubapa na makali pamoja.

Ukumbi ukazunguka. Nikasikia sauti ya Ruven kwa mbali.

"Sasa mtoe."

SASA!

Kumbe alikuwa anangoja nini?

Wakanikalisha chumba cha nyuma. Kwetu wanashona bila ganzi, nayo ni desturi. Daktari Overbeck akavuta uzi. Nyuzi kumi na tisa. Kwenye uzi wa nane nikatapikia viatu vyake.

"Umetapika, na macho yako hayatulii," akasema. "Ubongo umetikisika. Kitandani, giza, siku saba. Hakuna kusoma."

"Jumatatu nina mtihani."

"Huna."

Hapo ndipo Ruven akaingia. Akapita pembeni yangu bila kunitazama. Akaweka karatasi mezani mbele ya daktari, pamoja na kalamu.

"Fomu ya ugonjwa ya ofisi ya mitihani," akasema. "Saini hapa, na hapa. Akiipeleka kabla ya mtihani, jaribio halihesabiwi."

Daktari akasoma, akatazama kichwa changu, akasaini. Hakuna uongo, mgonjwa yupo mbele yake anatapika. Akatoka kwenda kumshona Korbinian.

Mimi nikaitazama fomu. Jina langu lote. Tarehe yangu ya kuzaliwa. Namba yangu ya usajili. Jina la mtihani. Vyote vimejazwa, kwa mwandiko wa Ruven, nadhifu, bila haraka.

"Umeijaza saa ngapi?"

Akaichukua kalamu akaifunga.

"Ruven. Nimekatwa dakika arobaini zilizopita. Umeijaza saa ngapi?"

"Alhamisi."

"Alhamisi..."

"Ndiyo."

"Wakati uko mkutanoni unaniombea?"

"Sikukuombea, Eike. Niliingia nikakaa. Sikusema chochote."

Wasomaji wangu, kuna hasira na kuna ile nyingine isiyo na jina.

Niliinuka kwenye kiti na uzi bado unaning'inia usoni. Nikampiga ngumi ya mdomo!

Akasimama vile vile.

Nikampiga ya pili, ya pua. Kitu kikavunjika, nikakisikia chini ya vidole. Damu yake ikanirukia kwenye vidonda vyangu.

Mikono yake ilikuwa chini. Miguu haikuondoka. Kichwa hakikukwepa. Alisimama kama tulivyofundishwa, macho yamefunguka, akingoja ya tatu.

"Jikinge!" nikapiga kelele.

Hakujikinga.

"Jikinge, mbwa wewe!"

Nikampiga ya tatu na ya nne, na ya tano nikaanguka mwenyewe, kichwa kinazunguka. Nikakaa sakafuni. Naye akateleza ukutani akakaa karibu yangu. Tukawa wawili tunavuja.

"Ulitaka nife?"

"Nilitaka ufaulu," akasema kwa mdomo uliovimba. "Si Jumatatu. Baadaye. Neva kumi na mbili umezijua tano, dogo. Jumatatu ungedisko."

"Ungeniambia!"

"Ungenisikia?"

"Ungejaribu! Ungesema, Eike, hujaiva, tafuta ruhusa ya ugonjwa!"

"Overbeck hasaini uongo. Nilihitaji damu ya kweli."

"Kidonda cha kwanza kilikuwa damu ya kweli!"

"Kidonda cha ngozi ofisi wanakikataa. Unafungwa bandeji unaingia mtihanini. Ilibidi iwe zaidi."

Alisema hivyo. Kwa utulivu. "Ilibidi iwe zaidi." Kama mtu anayeongelea chumvi kwenye supu.

"Umejuaje wanachokubali na wanachokataa?"

Hapo ndipo Ruven Stellmacher alianza kulia.

"Kwa sababu mimi nilipeleka ya mafua," akasema. "Wakaikataa."

"Lini?"

"Muhula wa nne. Jaribio la tatu."

Sikuelewa. Nawaambieni ukweli, nilikaa pale kama dakika nzima sielewi.

"Lakini wewe uko mwaka wa mwisho..."

"Siko mwaka wowote, Eike. Nilidisko miaka minne iliyopita."

Koti jeupe! Kila asubuhi anatoka na koti jeupe. Kila mtu anamwita daktari. Mama yake anamtumia keki na kadi, "kwa daktari wetu." Kumbe anavua koti kituo cha treni, analiweka kwenye mkoba, anakwenda kupanga vifurushi kwenye ghala mji wa pili. Jioni analivaa tena anarudi.

"Mimi wikiendi ile hakuna aliyenikata," akasema. "Nililala hapa nikaimba nyimbo. Laiti mtu angenipasua kichwa, Eike. Ningembusu mkono."

"Na kusema ukweli je? Kuniambia haya Jumatano, pale chumbani?"

Akatikisa kichwa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile kukitikisa.

"Nilishindwa. Ilikuwa rahisi kukuona unakatwa."

Jumapili Wiebke alikuja, amebeba mikate na hasira. Alipoona kichwa changu akakaa kitandani bila kuvua koti. Nikamsimulia yote.

"Yule ni mwendawazimu," akasema. "Akashtakiwe. Fomu iko wapi?"

"Hii hapa."

"Nipe, kesho saa mbili naipeleka."

Nikaikunja nikaitia mfukoni.

"Siipeleki."

"Umesemaje?"

"Naingia mtihanini."

"Eike, huwezi kusoma hata saa ya ukutani! Nimekuuliza saa ngapi umesema bluu!"

"Yeye ndiye aliyeijaza. Nikiipeleka, ina maana alifanya sawa kunikata. Sitampa hiyo raha."

"Kwa hiyo utajikomoa wewe ili umkomoe yeye?"

"Nimesimama mbele ya upanga sikutikisika, Wiebke. Nitatikiswa na karatasi?"

Alinitazama vile alivyokuwa anatazama maiti wa mezani kwetu. Akaacha mikate akaondoka.

Msinitukane bado. Mlioko huko mnaona wazi. Mimi nilikuwa na nyuzi kumi na tisa, na mwaka mzima wa kufundishwa kwamba anayerudi nyuma si mtu.

Jumatatu, saa nne.

Chumba cha mtihani kina taa nyeupe. Zile taa zilinichoma mpaka nyuma ya macho. Profesa Dahlmann, mama wa makamo, nywele fupi, haki yake ni kama mizani ya duka la dawa. Mbele yake fuvu moja na faili langu, halijafunguliwa.

Akavua miwani.

"Bwana Brandhorst. Kichwa chako kinavuja."

"Ni kidogo tu, Profesa."

"Umeonana na daktari?"

"Ndiyo."

"Na daktari anasema unaweza kufanya mtihani?"

Fomu iko mfukoni. Naisikia inakwaruza paja.

"Ndiyo, Profesa."

Akaweka kiganja juu ya faili. Kisha akasema pole pole, kila neno peke yake, kama mtu anayemwelekeza kipofu njia.

"Hili ni jaribio lako la tatu. Mimi nikifungua faili hili, linahesabiwa. Sijalifungua bado. Kuna kitu chochote unachotaka kunipa kabla sijafungua?"

Jamani, wasomaji wangu... Mama wa watu alikuwa ananisihi!

Nilihitaji kunyoosha mkono tu. Hata kusema sikuhitaji.

Nikakaza shingo. Nikaweka mikono juu ya magoti. Nikamtazama machoni vile vile nilivyofundishwa kumtazama mtu mwenye upanga.

"Naanza."

Akafungua faili.

"Neva ya tano. Matawi matatu, na matundu yanayopitia."

Nililichukua fuvu. Matundu yote yalikuwa yanacheza. Nikagusa moja. Nikagusa jingine. Nikasema jina la mfupa wa mguu. Sijui lilitoka wapi.

Tone la damu likadondoka juu ya fuvu lile jeupe. Nikalifuta kwa mkono wa shati nikaomba radhi. Sijui nilimwomba nani, profesa au fuvu.

Dakika kumi na moja. Akafunga faili.

"Pole sana, bwana Brandhorst," akasema, na alimaanisha. "Umeondolewa kwenye udaktari."

Mchana nikarudi Falkenhaid. Chakula cha wote, lazima uwepo. Nilipofungua mlango ukumbi mzima ukasimama. Wakagonga meza kwa ngumi, ndivyo tunavyopiga makofi kwetu.

"Eike! Eike! Hakutikisika!"

"Nyuzi kumi na tisa, na Jumatatu kaingia mtihanini! Huyo ndiye mwanamume!"

Wakanimiminia bia. Wakanipandisha cheo, si mbweha tena, ndugu kamili, kofia mpya kabisa kichwani juu ya bandeji. Wakaimba.

Nilizunguka meza nzima kwa macho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimepata nini.

Kiti cha Ruven kilikuwa kitupu.

"Kaka Ruven yuko wapi?" nikauliza.

"Yule? Katoka asubuhi na mabegi. Kasema anakwenda kwa mama yake, ana jambo la kumwambia. Kajiuzulu. Kaanguka ngazi pua imevunjika, labda akili imeguswa!"

Wakacheka.

Mimi nikaweka glasi chini.

Yule niliyemwona mwoga siku nzima ya Jumamosi alikuwa kwenye treni, pua imevunjika, anakwenda kumtazama mama yake na kumwambia, mama, mimi si daktari. Na mimi shujaa nilikuwa nimekaa na kofia mpya, sina hata ujasiri wa kumpigia baba simu.

Nilimpigia Alhamisi. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Kulikuwa na mtu yeyote aliyekwambia usiingie?"

"Watatu, baba. Daktari, rafiki yangu, na profesa mwenyewe."

Nikamsikia anapumua.

"Ng'ombe akigongwa na waya wa umeme anarudi nyuma, Eike," akasema. "Na hakuna anayemcheka."

Akakata simu kwenda kukamua.

Ruven sijamsamehe. Nasema wazi ili msinisingizie utakatifu. Mtu aliyechagua kukuona unapasuliwa kichwa kuliko kufungua mdomo wake si kaka, hata kama nia yake ilikuwa asali. Kovu hili nitazikwa nalo.

Lakini udaktari wangu hakuuchukua Ruven. Niliutoa mwenyewe, mikono juu ya magoti, mbele ya mama aliyenisihi nisiutoe.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilikuwa nadhani ni maneno ya watu wasio na roho. Leo nakwambia wewe uliye chuo, usiku na mchana unahangaika usipoteze masomo na usipoteze watu: watu watakaokupigia makofi ukiumia si marafiki, ni watazamaji. Marafiki ni wale watakaokukasirikia. Na ukipewa nafasi ya kurudi nyuma hatua moja, rudi! Rudi mbele ya watu, rudi wakicheka, rudi ukilia.

Mimi sikurudi. Jumamosi ijayo kuna mbweha mpya anasimama ukumbini kwetu, ana mtihani wiki ijayo, na amenichagua mimi kuwa kaka yake mlezi.

Nimeshamwambia asije. Nimemwambia kwa mdomo.